Mnyororo wa Katikati ya Mto

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi leo, familia imenituma mimi, binti wa mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya baba yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mnyororo, na ambaye watoto wa mtaani kwake walimwita Mzee Tope, naye akaitikia majina yote mawili bila kinyongo. Haya nimeyaandika nikiwa nimekaa na mama mkubwa, pamoja na watoto wao, pamoja na baba yangu mwenyewe, ambaye mnamwona ameketi hapo mbele, na ambaye ameruhusu yanayomhusu yasomwe kama yalivyokuwa, mradi nisitie chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa baiskeli upande huu wa mto, akiwa mtoto wa kwanza, na akafuatwa na mtoto mmoja tu, ambaye ni baba yangu, mwaka 1956. Bibi yetu alikuwa akisema kwamba mkubwa alizaliwa amekunja uso kama mtu aliyeulizwa hesabu, mdogo akazaliwa amechangamka kama mtu aliyesikia utani, na kwamba tangu siku hizo hakuna hata mmoja aliyebadilika. Wote wawili walikulia mtoni, na kwa ajili ya wageni walio miongoni mwetu niseme kwamba mto wetu, karibu mwaka mzima, ni njia pana ya mchanga, watu hukatisha kwa miguu kwenda sokoni, vijana hupiga mpira, na anayetaka maji huchimba kwa mikono mpaka yachuruzike, lakini mara moja au mbili kwa mwaka mvua hunyesha kwenye milima ambayo kutoka hapa haionekani, na maji hutujia chini ya anga lisilo na wingu, mazito, yenye rangi ya matofali, yakisukuma magogo na povu mbele yake, na kesho yake yamekwisha, mchanga umelala kama shuka lililonyooshwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, umbali mfupi kutoka karakana, na alikuwa darasa la saba tarehe 2 Novemba 1967, siku ambayo baba yake, akivuka kwenye kivuko cha zege na baiskeli ya mteja begani, alikutwa na maji katikati ya mto. Watu walimtafuta kesho yake, mto ukiwa umekwisha kukauka, wakaenda mbali sana kule maji yanakoelekea, na mwishowe akapatikana karibu kabisa na kivuko, chini ya mchanga, chini kuliko koleo linavyofika kwa mara moja, mahali ambapo watafutaji walikuwa wamepita juu yake tangu asubuhi. Wazee waliokuwepo walisema kwamba mto huu hauna kina, na hawakusema uongo, kwa sababu mchanga ulikuwa kimo kile kile ulichokuwa nacho kabla ya maji kuja. Marehemu, akiwa na miaka kumi na minne, aliuliza, "Kama mchanga haukuondoka, baba aliingiaje chini yake?" Baba yangu anasema yeye siku ile alilia na kaka yake akauliza, na kwamba alichelewa sana kutambua kuwa walikuwa wanafanya jambo moja.

Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, akalipiwa na wajomba, akakaa nyumbani mwaka mmoja akiziba pancha katika karakana aliyoachiwa, kisha akajiunga na chuo cha mafundi wa maji mwaka 1973, ambako mkufunzi mmoja, bila kujua anamjibu nani, alieleza darasani kwamba maji ya ghafla yakipita kwa nguvu mchanga wa chini nao huamka ukasafiri, sakafu ya mto ikashuka ikawa shimo, halafu maji yanapochoka mchanga mwingine kutoka juu hutua ukalijaza shimo lile lile, hivyo anayetazama kabla na anayetazama baada wote huona mto uleule. Aliporudi likizo alimweleza bibi, na bibi, aliyekuwa anachambua mchele, alimsikiliza hadi mwisho akamwuliza, "Kwa hiyo mto ulifungua mlango, ukafunga?" Akasema, "Ndiyo, mama." Bibi akasema, "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akaendelea kuchambua, lakini mama mkubwa alikuja kusimuliwa baadaye kwamba mchele ule ulichambuliwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bibi hakuwa anaona.

Tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa na Idara ya Maji kuwa fundi mpimaji katika kituo cha mto, chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza mbili, na rafu ndefu ya chupa, na kazi yake ilikuwa kuchota maji ya mafuriko yakiwa bado na hasira, kuyaacha yatulie chupani, na kupima ni kiasi gani cha chupa ni maji na kiasi gani ni nchi ya watu iliyoletwa na maji. Ila kazi aliyoipenda, na iliyompa jina, ilikuwa ya minyororo. Wakati wa kiangazi alichimba shimo jembamba mchangani, akashusha mnyororo wima, chini umefungwa kwenye bamba la chuma, juu umeishia usawa wa mchanga, akafukia. Mafuriko yakija, kadiri mchanga unavyoondoka ndivyo mnyororo unavyobaki mtupu, na sehemu iliyo tupu hulala chini kufuata maji, kisha mchanga ukirudi huufunika ukiwa umelala hivyo hivyo. Mto ukikauka unachimba taratibu, unaufuata, na pale unapoukuta umekunja kiwiko, hapo ndipo mto ulipofika. Alikuwa akisema kwamba mto hausemi ulichofanya, ila ukiuwekea kitu cha kukunja, utakikunja.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 8 Desemba 1979, na ilitokana na mifuko. Idara ilihitaji mifuko ya turubai ya kubebea mchanga, na fundi cherehani aliyepewa kazi hiyo alikuwa binti mmoja mwenye chumba cha kushonea nyuma ya posta, ambaye baada ya kushona mifuko mingi kuliko mto wowote unavyoweza kujaza alimwuliza mteja wake, "Kaka, huo mchanga unaupima au unaula?" Marehemu alijibu kwamba mifuko ilikuwa inachakaa upesi, na yule fundi, aliyejua mishono yake, akatamka kwamba katika kazi yake yote hajawahi kusingiziwa namna hiyo, na kwamba kama mtu anataka kuja kuzungumza aje akae kwenye benchi kama watu wengine, turubai ni ghali. Akaja akakaa. Mama mkubwa ndiye aliyebuni kushonea kipande cha kitambaa chekundu kwenye pete ya juu ya kila mnyororo, ili mumewe asihangaike kuupata, na kitambaa hicho kina kazi yake katika historia hii.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti ambaye ni muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba mwalimu, na wote walilelewa katika nyumba ambayo madirisha yake yalijaa chupa za mafuriko, kila moja na mwaka wake, tope limekaa chini kwa matabaka na maji juu yake yamenyooka kama kioo. Mama mkubwa aliwaambia wageni, "Kwangu mna maji ya kila mwaka, isipokuwa ya kunywa." Kama baba, marehemu hakujua kukaripia, mtoto aliyekosa aliitwa, akaketishwa, akaelezwa kwa kirefu, na watoto wake wanakiri kwamba mara nyingi walitamani apige tu yaishe.

Sasa nifike kwenye daraja. Mwaka 1988 ilikubaliwa kwamba pajengwe daraja mahali pa kile kivuko, na mhandisi wa mradi, mama mtulivu ambaye ameungana nasi leo, alimwomba marehemu amwambie mto hufika chini kiasi gani, ili misingi ya nguzo ishushwe chini ya hapo. Kwa marehemu hii haikuwa kazi tu, mnaelewa, palikuwa mahali pale pale. Alifukia minyororo kutoka ukingo hadi ukingo, mrefu kuliko yote ukiwa katikati, akasubiri. Aprili 1989 mto ulikuja na nguvu ambayo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu, na ulipokauka akachimba, akaukuta kila mnyororo na kiwiko chake, isipokuwa wa katikati. Alichimba mpaka mahali ambapo bamba lilitakiwa kuwepo, akapanua shimo, akachimba tena, bamba hakuna, mnyororo hakuna. Mhandisi alimwuliza, "Una uhakika?" Naye akasema, "Haupo." Basi ikaandikwa kwamba katikati mto uling'oa mnyororo mzima, maana yake ulifika chini kuliko mnyororo wenyewe, na nguzo za katikati zikashushwa chini zaidi ya zilivyokuwa zimechorwa.

Jumapili moja ya Agosti 1991, nguzo zikiwa zimekwisha kusimama, ndugu hawa wawili walikuwa wanarudi kutoka kumtazama shangazi yao mgonjwa, kwa lori la baba yangu, aliyekuwa anafanya biashara ya mchanga wa kujengea, na lori likazama kwenye mteremko wa mto. Baba akatoa mnyororo nyuma ya kiti, akamrushia kaka yake aufunge, na kaka yake akabaki ameushika, kwa sababu kwenye pete ya mwisho kulikuwa na uzi na pindo la kitambaa chekundu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Mtoni. Ulikuwa umefukiwa wima kama mti, kaka. Nikasema, huyu aliyefukia mnyororo mzima hivi hana akili timamu."

"Ni mimi."

Baba akafikiri kidogo, akasema, "Basi sikukosea sana."

Marehemu hakucheka. Akauliza aliutoa lini, na baba akamwambia ni kabla ya yale mafuriko makubwa, lori lilikwama, upepo ulikuwa umefunua pete ya juu, vijana wake walikuwepo na makoleo, wakachimba. "Kwani wewe si mpima maji?" baba akamwuliza. "Mchanga unakuhusu nini?" Ninawasomea maneno haya kama baba mwenyewe alivyonitajia, na anasema kwamba kaka yake aliketi kwenye mchanga, akaweka mnyororo mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa kumshika.

Wakubwa waliokuwepo wanakumbuka uzito wa siku zilizofuata. Kuchimba mchanga karibu na kivuko kulikuwa kumekatazwa, na baba alikuwa anachimba hapo, kwa hiyo kusema mnyororo ulikwenda wapi kulikuwa ni kumtaja. Bibi alimwita mkubwa wake, akamwambia, "Mmebaki wawili. Nguzo zimesimama, zege halina masikio. Nyamaza, mwanangu." Akajibu, "Mama, vipimo vingine vyote ni vya kweli. Siku mtu akigundua hiki kimoja, hataviamini na hivyo." Kesho yake alikwenda ofisini, akaandika kwamba kipimo cha katikati kifutwe, mnyororo haukuchukuliwa na mto bali na mkono wa mtu, na mhandisi alipouliza ni nani, akasema, "Mtu wa kwetu." Alidhani ameficha jina, lakini katika ukoo wetu mwenye lori alikuwa mmoja. Baba akanyang'anywa kibali cha mchanga, marehemu, kwa kipimo kilichouongezea mradi gharama ya nguzo, akaondolewa kwenye upimaji akahamishiwa stoo ya mabomba, na ndugu hawa wakaacha kusemezana.

Hatutaki leo kusema nani alikuwa na haki. Mhandisi mwenyewe ametuambia kwamba yeye aliuliza kama mnyororo haupo, hakuuliza kwa nini, na baba anasema angeweza kupita kituoni kuuliza mnyororo ni wa nani. Tunachokumbuka sisi watoto ni kwamba hatukukatazwa kwenda kwa baba mkubwa, tulikwenda, tukakuta mabomba ya stoo yamepangwa kwa unene, kama alivyokuwa akipanga chembe za mchanga kituoni, na kila mara alituuliza, "Baba yenu hajambo?" na nyumbani tukaulizwa, "Huyo mzee wenu wa minyororo anakula?" Bibi alipofariki mwaka 1995 walibeba jeneza pamoja, na mama mkubwa alitembea katikati akipeleka ujumbe, "Anasema shika kulia," "Mwambie nimeshika," ilhali walikuwa wanatazamana.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka 1997 baba alikwenda nyumbani kwa kaka yake, akautupa mnyororo barazani, akasema, "Mnyororo wako. Lori nimeuza," akaondoka bila kunywa maji. Marehemu, ingawa halikuwa jukumu lake tena, aliupeleka mtoni mwenyewe, akaufukia pale pale, chini ya daraja, mama mkubwa akiwa ameshonea kitambaa kipya.

Machi 1998 mto ulikuja kama ambavyo wengi wenu mnakumbuka, ulibeba kile kivuko cha zamani kipande kwa kipande, ukachukua nyumba ya pampu, na daraja likabaki limesimama. Mjini ikawa habari moja tu, kwamba mzee alijua, kwamba aliuficha mnyororo kwa makusudi ili nguzo zishuke, na kinyozi wa karibu na stendi akawa anawasimulia wateja hadi siku marehemu mwenyewe alipoketi kwenye kiti chake, akamwambia, "Sikujua. Nilikosea, na kosa likaangukia upande mzuri. Nyoa." Kinyozi, ambaye yupo hapa, anasema aliendelea kusimulia vile vile, ila kwa sauti ya chini.

Mto ulipokauka marehemu alishuka kuchimba, na alipofika alimkuta mdogo wake amekaa juu ya koleo, akimsubiri. Hawakuombana radhi, baba hajui na marehemu angeeleza kwa kirefu mno. Baba alisema, "Nionyeshe mahali, usinichimbishe bure," wakachimba, wakapokezana, na mnyororo ulikuwepo. Kiwiko chake kilikuwa usawa ule ule ambao misingi ya nguzo ingefikia kama ingejengwa kwa mchoro wa kwanza, si juu yake wala si chini yake, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kama daraja lile lingesimama au lingekwenda. Baba akauliza, "Sasa hiyo inamaanisha nini?" Marehemu akasema, "Inamaanisha mto umetunyima jibu," na hapo, baba anasema, kaka yake alicheka mpaka akashika ukuta wa shimo, na mchanga ukawamwagikia wote wawili. Nilikuwa juu ukingoni na mama mkubwa, tukasikia vicheko kutoka chini ya ardhi, na mama mkubwa akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Afadhali. Nimechoka kuwa posta."

Juni mwaka huo alirudishwa kwenye upimaji, akaendelea hadi alipostaafu tarehe 14 Aprili 2013, akifundisha vijana waliomfuata, na katika miaka hiyo yote hakuna kiangazi ambacho baba yangu hakushika koleo, bila kibali, bila mshahara, na bila kuacha kulalamika.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2020 kwa kifua kubana, akatibiwa akapata nafuu, ukarudi mwaka 2022, akalazwa mara kadhaa katika hospitali kuu ya mji, ambako daktari alipomwonyesha picha ya mapafu alisema, "Hilo ni tope tu, daktari, tukinyamaza litakaa chini." Mwezi uliopita aliomba apelekwe mtoni. Baba akachimba, yeye akaketi kwenye kiti cha plastiki mchangani na shuka mabegani, akisahihisha kila koleo, wakashusha mnyororo wa katikati, ule ule, na kitambaa chekundu, wakafukia. Akamwambia mdogo wake, "Mvua ikipita, uchimbe wewe. Na usipoukuta, usiseme mto umeuchukua. Kaulize kwanza waliopita." Baba akamwambia, "Waliopita ni mimi." Marehemu akasema, "Ndiyo maana nakwambia wewe."

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, anga likiwa jeupe. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomvumilia alipokuwa akipima maji ya dripu kwa macho na kuwasahihisha, majirani waliopika, waliofagia na waliolala nasi, watumishi wa Idara ya Maji wa zamani na wa sasa, mhandisi wetu aliyesafiri siku nzima, na kinyozi, ambaye leo amemnyoa kwa mara ya mwisho kimya kimya. Kwa wote ambao sikuwataja, mtusamehe, mmo mioyoni mwetu.

Baba mkubwa, mvua bado haijanyesha milimani, na mnyororo wako umesimama wima. Baba ameniagiza nikuambie kwamba koleo lipo nyuma ya mlango, na kwamba akichimba asipouona, ataanza kwa kujiuliza mwenyewe. Umefanya kazi yako, mwalimu wa mchanga, tulia sasa kama maji ya chupa zako. Pumzika kwa amani.